Waalimu wa Kiingereza Katika Nchi ya Uhispania: Saa Zao na Sikukuu Zao

Wasomaji wetu wamekwisha kulisikia jina la nchi ya Uhispania, maana Mtume Paulo aitaja katika Waraka kwa Warumi, sura ya 15, ya kuwa alikuwa na nia ya kufika huko. Ni nchi kubwa iliyo magharibi ya Ulaya, yapakana na Ureno na Ufaransa, na upande wa kusini ni mlango mwembamba wa bahari, uitwao Gibraltar, unaoitenga na bara letu la Afrika. Twapenda kueleza habari za watu waliokwenda huko kwa kazi ionekanayo kuwa nyepesi, yaani kufundisha lugha ya Kiingereza.

Habari hii yafaa kujulikana na sisi, kwa sababu mwalimu apelekwaye ugenini hukutana na mambo mawili yasiyoandikwa katika kitabu chake cha kufundishia: saa za wenyeji, na sikukuu zao. Mwenye kujifunza mambo hayo mawili hukaa na kazi yake huzaa. Asiyejifunza huhesabu siku za kurudi kwao.

WAALIMU WA KWANZA

Hapo zamani haikuwa rahisi kwa mgeni asiye Mkatoliki kufungua shule katika Uhispania. Mwaka 1868 Malkia Isabel wa Pili aliondoshwa katika kiti chake, na katiba ya mwaka 1869 ikawapa watu ruhusa ya kuabudu kama waonavyo. Ndipo mwaka 1871 walipokwenda Wamarekani wawili, William Gulick na mkewe Alice Gordon Gulick, waliotumwa na chama cha misioni cha Boston. Bibi Gulick alikuwa amesoma katika shule ya wanawake iitwayo Mount Holyoke, na mara alipofika aliona ya kuwa wasichana wa nchi ile wameachwa nyuma sana katika elimu. Mwaka 1877 akafungua shule ya wasichana katika mji wa Santander, ulio pwani ya kaskazini, na mwaka 1881 shule ikahamia San Sebastián.

Bibi huyu alifanya jambo moja la busara ambalo twataka lishikwe na kila mwalimu. Hakuwafundisha wasichana wale kwa ajili ya mitihani ya Marekani, ambayo isingewafaa kitu kwao. Aliwatayarisha kwa mitihani ile ile ya serikali ya Uhispania waliyofanya wavulana, nao wakaifanya na kufaulu. Kiingereza walikipata, tena kizuri, kwa waalimu waliotoka katika vyuo vya wanawake vya Marekani. Walakini cheti walichokishika mkononi kilikuwa cha nchi yao.

Mwaka 1898 Marekani na Uhispania zikapigana. Shule ikalazimika kuvuka mpaka na kukaa Biarritz, katika Ufaransa. Baada ya amani ikaanzishwa tena Madrid, mji mkuu, mwaka 1903. Na mwaka huo huo Bibi Gulick akafariki katika mji wa London. Kazi haikufa naye. Mwaka 1910 amri ya mfalme iliwapa wanawake wa Uhispania ruhusa ya kuingia vyuo vikuu bila kuomba kibali cha pekee. Mwaka 1915 mwalimu Mhispania, María de Maeztu, akafungua Madrid nyumba ya kukaa wasichana wanaosoma, na Taasisi ile ya Wamarekani ikashirikiana naye. Hivyo waalimu wageni na wasichana wenyeji wakawa pamoja, hawa wakijifunza Kiingereza na wale wakijifunza Kihispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1936, viliuvunja ushirika huo. Lakini jengo la Taasisi lasimama hata leo, na Kiingereza chafundishwa ndani yake.

SAA ILIYOSOGEZWA

Vita vilikwisha mwaka 1939, na Jenerali Franco akatawala. Nchi ilikuwa na njaa. Chakula kiligawiwa kwa kipimo mpaka mwaka 1952. Katika mwaka 1940, katikati ya taabu hizo, Waingereza walifungua taasisi yao Madrid, pamoja na shule ya watoto. Mkuu wake alikuwa Walter Starkie, profesa wa Dublin katika Ayalandi. Mtu huyu hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa amekwisha kutembea kwa miguu katika nchi ile, akipiga fidla na kukaa na Wajipsi, na safari yake aliiandikia kitabu mwaka 1934. Alishika kazi ya taasisi mpaka mwaka 1954, na mwisho alifia Madrid mwaka 1976, akazikwa huko.

Mwaka 1940 lilitokea jambo jingine ambalo kila mwalimu mgeni hulipata hata leo, ajapokuwa halijui asili yake. Usiku wa tarehe 16 Machi, ilipofika saa tano, mishale ya saa ilisogezwa mbele ikawa saa sita. Uhispania ilikuwa imefuata saa ya Greenwich tangu mwaka 1901, na ndivyo ilivyostahili, maana mstari wa Greenwich wapita katika nchi yenyewe, karibu na mji wa Castellón. Baada ya vita vikuu vya dunia saa haikurudishwa. Basi leo Madrid, jua likiwa utosini, saa ya ukutani husoma kama saa saba na robo. Na wakati wa kiangazi, mishale ikisogezwa mara ya pili, husoma kama saa nane na robo.

Sasa wasomaji wataelewa kwa nini wageni hushangaa. Mwingereza amezoea kula chakula cha mchana mapema na cha jioni jua halijatua. Huko Uhispania hula mchana saa nane au saa tisa, na usiku saa tatu au saa nne. Mgeni husema, "Watu hawa huchelewa." Lakini akilitazama jua badala ya saa, ataona ya kuwa yule Mhispania alaye saa nane wakati wa kiangazi ala mchana mtupu, kama babu zake. Desturi hii ina sababu nyingine pia, ila kusogezwa kwa saa ni moja ya zilizo kubwa.

Tena kuna neno la kutupendeza sisi tusemao Kiswahili. Usingizi wa mchana huitwa siesta, na neno hili latokana na Kilatini, maana yake "saa ya sita." Warumi wa kale walihesabu saa tangu mapambazuko, kama tuhesabuvyo sisi, nasi twasoma katika Injili ya Yohana ya kuwa Bwana Yesu aliketi kisimani yapata saa sita. Mhispania asemapo siesta asema "saa sita" bila kujua. Wala msidhani ya kuwa wote hulala. Katika miji mikubwa wafanya kazi wengi hawana nafasi hiyo. Walakini katika miji midogo maduka mengi hufungwa tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, na mgeni aliyesahau kununua mkate hubaki na njaa.

SIKU YA MWALIMU

Siku huanza kwa kahawa yenye maziwa, na mkate uliobanikwa na kupakwa mafuta ya zeituni na nyanya iliyopondwa. Shule nyingi huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa nane. Wakati wa mapumziko, yapata saa tano, waalimu hunywa kahawa ya pili pamoja, na mgeni asiyekwenda nao huonekana mwenye kiburi hata kama ni mwoga tu. Wanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, na jambo hili huwashtua watu waliolelewa kwa heshima ya namna nyingine. Lakini si utovu wa adabu, ni desturi.

Kuna waalimu wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana waitwao wasaidizi wa mazungumzo. Serikali huwaita kwa maelfu kutoka Marekani, Uingereza na nchi nyingine, nao hukaa darasani pamoja na mwalimu mwenyeji ili watoto wasikie Kiingereza kisemwacho na wenyewe. Kwa miaka mingi posho yao katika majimbo mengi ilikuwa euro 700 kwa mwezi kwa kazi ya saa 12 kila juma, na katika Madrid euro 1,000 kwa saa 16. Fedha hizo hazitoshi nyumba ya mtu peke yake, kwa hiyo wengi hukodi chumba pamoja na wenzao, na jioni hufundisha watoto majumbani mwao. Wa pili ni waalimu wa shule ndogo za watu binafsi, zifundishazo lugha kwa malipo. Wanafunzi wao huja baada ya shule au kazi. Basi mwalimu huanza alasiri na kumaliza hata saa tatu na nusu za usiku.

Mchana watu wakiisha kula hawaondoki. Hukaa wakizungumza, pengine saa nzima, na mazungumzo hayo yana jina lake, sobremesa. Msomaji asikilize vizuri: ndani yake mna neno meza. Sisi tulilipata kwa Wareno waliofika pwani yetu tangu mwaka 1498, na lugha yao ni jirani ya Kihispania. Kadhalika bendera, ambayo Wahispania huiita bandera. Tena Waarabu walitawala sehemu za Uhispania tangu mwaka 711 mpaka 1492, wakaacha maneno mengi: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani, na hasta ni hata. Mwingereza hana ndugu wengi kama hawa wa kumsaidia katika safari yake. Hapo mezani, baada ya sahani kuondolewa, ndipo ajifunzapo lugha, akiwa yeye mwanafunzi na wenyeji waalimu.

MWAKA NA SIKUKUU ZAKE

Sheria ya Uhispania huruhusu siku za mapumziko zisizopita 14 kwa mwaka, na mbili kati yake huchaguliwa na kila mji kwa ajili yake. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, wengi hupumzika na Ijumaa pia, na huku huita kufanya daraja. Daraja lijulikanalo sana ni la mwezi wa Desemba, kwa kuwa tarehe 6 ni siku ya katiba, ambayo watu waliipigia kura mwaka 1978, na tarehe 8 ni sikukuu ya Bikira Maria.

Tarehe 1 Novemba ni Siku ya Watakatifu Wote. Watu huenda makaburini na maua. Na katika Katalonia na Galisia huchoma kokwa za mti uitwao castaño na kuzila pamoja. Hapa pana jambo la kufikiri. Siku hizi shule nyingi hufanya siku ya Halloween usiku wa kuamkia sikukuu hiyo, watoto wakivaa kama mazimwi, na mara nyingi imeingia kwa mlango wa somo la Kiingereza. Watoto hufurahi. Wazee wengine huona uchungu, maana mjukuu ajua wimbo wa mazimwi asijue kaburi la babu yake. Mwalimu alidhani analeta mchezo wa nusu saa, kumbe ameleta sikukuu nzima katika mfuko wake. Wenye busara huwaomba watoto waeleze kwa Kiingereza yale yafanywayo kwao siku ile, na somo hilo hufaa zaidi.

Noeli huanza tarehe 22 Desemba kwa bahati nasibu kubwa, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Cádiz mwaka 1812. Watoto wa shule ya San Ildefonso huimba namba zilizopata. Waalimu wa shule moja mara nyingi hununua tiketi zenye namba moja, na mgeni huulizwa kama ataka. Usiku wa tarehe 31 watu hula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa saa, nayo ni desturi iliyojulikana Madrid tangu mwisho wa karne ya 19. Lakini watoto huingojea jioni ya tarehe 5 Januari, Mamajusi wapitapo mjini kwa maandamano na kurusha peremende. Watoto huacha viatu vyao mahali pa kuonekana na maji kwa ngamia, na asubuhi ya tarehe 6 hukuta zawadi. Ndiyo sababu shule hazifunguliwi kabla ya siku hiyo.

Mwezi Machi, katika Valencia, hujengwa sanamu kubwa za mbao na karatasi, na usiku wa tarehe 19, siku ya Mtakatifu Yosefu, huchomwa moto. Katika Juma Takatifu vyama vya ndugu hubeba mabegani sanamu za mateso ya Bwana, na watubuo huvaa kofia ndefu zenye kufunika uso. Mmarekani azionapo mara ya kwanza huogopa, kwa sababu katika nchi yake mavazi kama hayo yalivaliwa na watu wabaya waliowatesa watu weusi. Lakini ya Uhispania ni ya kale kuliko yale, na maana yake ni kuficha toba ya mtu isionekane na watu. Mgeni aliyeuliza kabla ya kuhukumu amejifunza neno kubwa.

Katika Sevilla, baada ya Pasaka, huwa na sherehe ya juma zima, watu wakikaa katika vibanda, wakiimba na kucheza. Ilianza mwaka 1847 kama soko la mifugo. Na walioitolea shauri walikuwa wawili, José María Ybarra, mzaliwa wa Bilbao, na Narciso Bonaplata, mzaliwa wa Barcelona. Wote wawili walitoka mbali. Leo hakuna sikukuu ihesabiwayo kuwa ya Sevilla zaidi ya hiyo. Basi mgeni naye aweza kuleta jambo jema likapata mizizi, kama analifanya pamoja na wenyeji.

Tusifiche upande wa pili. Mwajiriwa wa serikali hulipwa katika likizo. Msaidizi wa mazungumzo hupata posho kwa miezi ya masomo tu, na waalimu wengi wa shule ndogo huandikwa kwa miezi tisa. Mwezi wa Agosti, familia zikienda baharini na miji ikiwa kimya, wao hutafuta kazi katika kambi za watoto au hurudi kwao. Sikukuu iliyo furaha kwa mwenye nyumba yaweza kuwa siku ya upweke na mfuko mtupu kwa mpangaji wa chumba. Ndipo upendo wa wenyeji hujulikana. Mwenzako wa kazi akikuambia, "Usile peke yako usiku wa Noeli, njoo kwetu," amekulipa mshahara usioandikwa katika mkataba.

LUGHA YA NANI?

Zamani za Franco shule nyingi zilifundisha Kifaransa. Kiingereza kilipanda kwa sababu ya watalii, ambao mwaka 1973 walipita milioni 30, kisha kwa sababu Uhispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Mwaka 1996 serikali ilipatana na Waingereza kufungua shule za lugha mbili, na mwaka 2004 jimbo la Madrid likaanzisha zake. Katika shule hizo watoto hujifunza hata elimu ya viumbe kwa Kiingereza. Wazazi wengi hupenda sana. Wengine hulalamika ya kuwa mtoto hujua jina la mfupa kwa Kiingereza asijue kazi yake kwa lugha yo yote, na shule kadhaa zimeuacha mpango huo.

Jambo hili lina uzito huko kuliko mgeni adhanivyo. Franco alikataza Kikatalani, Kibaski na Kigalisia visifundishwe shuleni. Watoto walionywa waache lugha ya mama zao. Katiba ya mwaka 1978 iliziheshimu tena. Basi mwalimu wa Kiingereza aingiapo darasani katika Barcelona au Bilbao, mbele yake wameketi watoto wenye lugha mbili tayari, na mmoja wa babu zao pengine aliadhibiwa kwa ajili ya moja ya hizo. Akileta Kiingereza kama bwana wa lugha nyingine, atafungua kidonda. Akikileta kama mgeni wa tatu akaribishwaye nyumbani, atapokewa. Sisi tulio na lugha ya kabila, na Kiswahili, na Kiingereza juu yake, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahispania wamewapa wageni hao jembe lao, nalo ni somo la Kiingereza, na wengi wamelima vizuri. Tukitazama tangu Bibi Gulick mpaka vijana wa leo, twaona ya kuwa waliolima vizuri ni wale waliotumikia mtihani wa wenyeji, wakala kwa saa yao, wakauliza maana ya sikukuu kabla ya kuicheka.

Ninyi waalimu wenzetu mliopelekwa mbali na kwenu, katika kijiji ambacho lugha yake si yenu, tazameni saa zenu na kalenda zenu. Je, mwajua watu wa hapo hukusanyika saa ngapi kula, na siku yao kubwa ni ipi? Kama hamjui, mkawaulize leo jioni.